Ultraman, Kamen Rider au Super Sentai? Umaarufu wa Mashujaa wa Kijapani na Swali la Hadhira

Katika taaluma ya fasihi hakuna dhana inayotajwa mara nyingi na kuchunguzwa mara chache kama hadhira. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufunzwa kuwa fanani bila hadhira ni sawa na ngoma bila wachezaji. Akishavuka mtihani, aghalabu somo hilo huliacha huko huko ukumbini. Hali hii hudhihirika zaidi panapojadiliwa kazi zinazopendwa na umma. Hapo umaarufu huchukuliwa kuwa kitu kimoja, kinachopimwa kwa mizani moja kama gunia la mahindi, na swali huwa: ni kazi ipi inayopendwa zaidi? Ni nadra kusikia swali la pili, ambalo kwa hakika lingepaswa kutangulia: inapendwa na nani?

Mfano unaofaa kulichunguza suala hili ni vipindi vya mashujaa vya televisheni ya Japani. Kwa zaidi ya nusu karne nchi hiyo imekuwa na koo tatu kubwa za mashujaa wa aina hii: Ultraman, Kamen Rider na Super Sentai. Zote ni za utanzu uitwao tokusatsu, yaani filamu zinazotegemea hila za kamera, miji midogo ya kuundwa kwa mkono na waigizaji waliojitosa ndani ya mavazi ya mpira. Mashabiki wa koo hizi wamezoea kubishana juu ya nani anayewazidi wenzake, na kila upande una takwimu zake. Ubishi huo ulipata uzito mpya mwishoni mwa mwaka 2025, ukoo mmoja kati ya hizo ulipotangaziwa kikomo. Si ubishi wa kupuuzwa kwa hoja kwamba ni mambo ya watoto. Anayeupuuza kwa hoja hiyo amekwisha kutoa hukumu juu ya hadhira kabla ya kuitazama.

Ultraman ndiye kaka mkubwa. Alizaliwa katika kampuni ya Tsuburaya Productions, iliyoasisiwa na Tsuburaya Eiji, fundi yule yule aliyesimamia hila za filamu ya Godzilla ya mwaka 1954. Kipindi chake kilianza kuonyeshwa Julai 1966 kupitia kituo cha TBS, Jumapili saa moja ya jioni. Ni jitu la kimo cha mita 40, lililotoka katika nyota za mbali, ambalo haliwezi kupigana duniani kwa zaidi ya dakika tatu. Nguvu zikikaribia kwisha, taa iliyo kifuani pake humweka kwa wekundu. Kipindi hicho kilitazamwa, kwa wastani, katika takriban asilimia 37 ya nyumba zilizopimwa. Hakuna kipindi cha shujaa yeyote wa leo kinachoisogelea idadi hiyo. Vya sasa hupata asilimia chache tu.

Anayetaka kushinda ubishi huishia hapo. Hata hivyo, takwimu ile inahesabu nini hasa? Inahesabu nyumba. Mwaka 1966 nyumba ya kawaida ya Kijapani ilikuwa na televisheni moja, vituo vilikuwa vichache, na Jumapili jioni familia nzima ilikuwa imekaa pamoja. Babu aliyesinzia kwenye mkeka alihesabiwa sawasawa na mjukuu aliyekodoa macho. Si kwamba kila mmoja alimpenda Ultraman. Ni kwamba hapakuwa na pa kumkimbilia.

La kuzingatiwa zaidi ni athari ya mkusanyiko huo kwa waandishi. Walijua kwamba wanamwandikia mtoto mbele ya baba yake. Mwandishi mkuu wa awali, Kinjo Tetsuo, alitoka Okinawa, visiwa ambavyo vilikuwa chini ya utawala wa Marekani hadi mwaka 1972. Katika Ultraseven, kipindi kilichofuata, aliandika mwaka 1968 hadithi ya watu wa chini ya bahari wanaodai kwamba wao ndio wenyeji wa dunia na binadamu ndio wavamizi. Kikosi cha mashujaa kinauteketeza mji wao, na swali la nani mwenyeji linabaki bila jibu. Mtoto aliona vita vya majini. Mtu mzima aliyekuwa na kumbukumbu aliona Okinawa. Mwenzake, Uehara Shozo, naye wa Okinawa, aliandika mwaka 1971 hadithi ya umati wa raia unaomuua mgeni asiye na hatia kwa sababu tu si wao. Katika hadithi hiyo shujaa anasita kwenda kuuokoa mji kama huo, na ni vigumu kumlaumu. Hizi ni kazi zenye hadhira mbili ndani ya chombo kimoja, na sababu yake kubwa ni saa ya kuonyeshwa.

Kamen Rider alikuja Aprili 1971. Jina lenyewe lina maana ya mwendesha pikipiki aliyevaa kinyago. Aliyembuni ni mchoraji Ishinomori Shotaro, na kampuni iliyomtengeneza ni Toei. Hapa shujaa hakutoka mbinguni. Hongo Takeshi ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayetekwa na genge liitwalo Shocker na kufanyiwa upasuaji wa kumgeuza nusu mtu nusu panzi. Anatoroka kabla ya ubongo wake kuguswa, na tangu siku hiyo anapigana na madude yaliyotengenezwa na mikono ile ile iliyomtengeneza yeye. Kila adui anayemuua ni ndugu yake kwa namna fulani. Ni huzuni nzito kumwekea mtoto wa miaka sita, na bado watoto waliipokea.

Waliipokea kwa njia ambayo Ultraman hakuwa ameifungua. Katika siku za mwanzo za kupiga picha, mwigizaji mkuu, Fujioka Hiroshi, alipata ajali ya pikipiki na kuvunjika mguu. Ili kuziba pengo, kukaingizwa Kamen Rider wa pili, na pamoja naye likaja jambo lililobadili historia ya utanzu mzima: shujaa alisimama, akaipitisha mikono yake hewani kwa mpangilio maalumu, akapaza sauti, "Henshin!", yaani badilika, na akabadilika. Mtoto hawezi kuwa jitu la mita 40, lakini anaweza kusimama uani na kuipitisha mikono. Kwa lugha ya fasihi simulizi, hadhira ilipewa kiitikio. Kutoka hapo mtazamaji akawa fanani, na kila ua la Japani likawa jukwaa. Wafanyabiashara hawakuchelewa kuliona hilo. Kampuni ya Calbee iliuza vitafunio vyenye kadi za Kamen Rider, na watoto wakawa wanachukua kadi na kuvitupa vitafunio, hata watu wazima wakalalamika. Watengenezaji wa vitu vya kuchezea nao walitoa mshipi wenye gurudumu linalozunguka. Mshipi huo, kwa sura mbalimbali, unauzwa hadi leo.

Super Sentai ni kitinda mimba, ingawa ana miaka zaidi ya hamsini. Neno sentai lina maana ya kikosi. Ishinomori huyo huyo alibuni kikosi cha kwanza, Gorenger, kilichoanza Aprili 1975, na Uehara Shozo, yule yule wa Ultraman, akawa mwandishi wake mkuu. Mashujaa walikuwa watano, kila mmoja na rangi yake, na mmoja wao, mwenye rangi ya waridi, alikuwa mwanamke. Ubunifu huu huonekana mdogo kwa mtu asiyewahi kucheza na watoto wenzake. Mashujaa wa awali walikuwa peke yao; katika mchezo wa uani, mtoto mmoja alikuwa Kamen Rider na waliobaki walilazimika kuwa madude. Sentai iligawa ushujaa kwa watano. Mtoto mnene alipata rangi, mtoto mcheshi alipata rangi, na msichana akapata mahali tangu siku ya kwanza. Mwaka 1979, baada ya Toei kujaribu kumpa Spider-Man wa Kijapani roboti kubwa mwaka mmoja kabla, kikosi cha Battle Fever J nacho kilipewa roboti, na muundo ukakamilika: kila mwaka kikosi kipya na roboti mpya, na kila Krismasi kitu kipya cha kununuliwa.

Nje ya Japani, koo hizi zilifuata njia tofauti kabisa, na hapa ndipo mizani ya umaarufu inapovunjika. Ufaransa, miaka ya 1980, ilimpenda Bioman, kikosi cha Sentai cha mwaka 1984, pamoja na Gavan wa mwaka 1982, aliyepewa huko jina la X-Or. Brazili, kuanzia mwaka 1988, ilimpenda Jaspion na kikosi cha Changeman kupitia kituo cha Manchete. Indonesia ilimpenda Kamen Rider Black katika miaka ya 1990 kwa jina la Ksatria Baja Hitam, yaani shujaa wa chuma cheusi. Katika nchi hizi zote kazi ilibadilishiwa sauti, pengine hata jina, lakini sura za waigizaji zikabaki za Kijapani, na barabara zikabaki za Kijapani. Mtoto wa Jakarta alijua kwamba anatazama kitu cha wengine kilichopewa lugha yake.

Marekani ilifanya jingine. Kampuni ya Saban ilichukua picha za mapigano za kikosi cha Zyuranger cha mwaka 1992, ikazitenga na hadithi yake, ikaajiri vijana wa Kimarekani kuigiza sehemu zisizo na vinyago, na Agosti 1993 ikatoa Mighty Morphin Power Rangers. Mshujaa wa manjano, ambaye Japani alikuwa mwanamume, akafanywa msichana; mtazamaji makini huona kwamba umbo lake hubadilika kila avaapo kofia ya chuma. Kipindi kilivuma mno. Kampuni ya Hasbro iliponunua jina hilo mwaka 2018, lilinunuliwa kwa dola milioni 522. Mtoto wa Nairobi au wa Mombasa aliyekijua kikosi cha rangi alikijua kwa jina hili la Kimarekani na kwa Kiingereza, bila kudokezewa kwamba mapigano anayoyaona yalipigwa picha Japani kwa ajili ya watoto wengine.

Je, umaarufu huo uhesabiwe wa nani? Mashabiki wa Sentai huudai. Ukiujumlisha, Sentai inazishinda koo nyingine zote kwa upana. Lakini dai hilo ni dhaifu. Hadhira ya Power Rangers haikumpenda Zyuranger, kwa kuwa haikukutana naye. Ilipenda kazi nyingine iliyoshonwa kwa vitambaa vyake. Wanafunzi wa tafsiri watatambua tofauti hii mara moja. Mfasiri humleta mwandishi kwa msomaji mgeni. Aliyeng'oa kurasa za kati na kuandika mwanzo na mwisho wake mwenyewe hakufasiri. Dalili yake ilionekana baadaye: baada ya Power Rangers Cosmic Fury ya mwaka 2023, mfululizo wa Kimarekani ulisimama, na mamilioni waliokulia humo hawakuhamia Japani kukidai kisima. Wengi wao hawakujua kama kipo.

Linganisha na Ultraman. Mkataba wa mwaka 1976 na kampuni ya Kithai iitwayo Chaiyo ulizaa kesi zilizodumu miaka na miaka, katika mahakama za Japani, Thailand na hatimaye Marekani, ambako Tsuburaya ilipata ushindi mwaka 2018. Muda huo wote biashara ya nje ya Ultraman ilikuwa imefungwa mguu. Nyumbani nako hali haikuwa nzuri: kampuni ilielemewa na madeni, familia ya mwasisi ikapoteza umiliki mwaka 2007, na mwaka 2010 kampuni ya Fields ikaichukua. Pamoja na hayo, kizazi kizima cha China kilikua na Ultraman Tiga, aliyetolewa Japani mwaka 1996. Septemba 2021 kipindi hicho kilipoondolewa kwenye majukwaa ya video ya China, watazamaji waliokuwa wamekwisha kuwa watu wazima walipaza sauti, na siku chache baadaye kikarudi, kikiwa kimepunguzwa baadhi ya sehemu. Hadhira ya namna hii haikujengwa na matangazo.

Kamen Rider kwa upande wake alishinda nyumbani, na alishinda kwa kugundua mtu aliyekuwa amekaa chumbani siku zote bila kuhesabiwa: mama. Kuuga ya mwaka 2000, iliyoigizwa na Odagiri Joe, ilionyeshwa Jumapili asubuhi. Mtoto wa miaka minne hatazami televisheni asubuhi peke yake. Watayarishaji walianza kuchagua vijana wenye sura za kuvutia na kuandika hadithi ndefu zenye mafumbo, na kina mama wakawa mashabiki kwa haki yao wenyewe. Den-O ya mwaka 2007, iliyompa umaarufu Satoh Takeru, ilithibitisha kwamba hadhira hiyo si ya kupita. Kisha watoto wa mwaka 2000 wakawa wazazi, na watengenezaji wakawauzia mishipi ile ile kwa vipimo vya kiuno cha mtu mzima na kwa bei ya mtu mzima. Ripoti za kampuni ya Bandai Namco za miaka ya 2020 zinaonyesha mauzo ya Kamen Rider yakiyapita ya Super Sentai mara kadhaa, ilhali vipindi vyote viwili vilifuatana asubuhi moja, kimoja saa tatu na kingine saa tatu u nusu.

Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa ubora. Inaelezwa na umri. Mwaka 1973 Japani ilipata watoto zaidi ya milioni 2. Mwaka 2024 ilipata chini ya 700,000. Kazi inayotegemea watoto wa miaka mitatu hadi sita peke yao imepoteza theluthi mbili ya hadhira yake kabla haijaandika neno. Ultraman na Kamen Rider wanaweza kuziba pengo kwa watu wazima. Filamu ya Shin Ultraman ya mwaka 2022 ilikusanya takriban yeni bilioni 4.4, na Shin Kamen Rider ya mwaka 2023, iliyoongozwa na Anno Hideaki, takriban bilioni 2.3, zote mbili zilitengenezwa na watu waliokuwa watoto wa vipindi vya kwanza, kwa ajili ya wenzao. Hakuna Shin Sentai. Lilifanyika jaribio la Akibaranger mwaka 2012, kipindi cha usiku cha kuwachekesha mashabiki wakubwa, lakini hata hicho kilikuwa utani juu ya mtu mzima anayependa kitu ambacho hakutarajiwa kukipenda.

Basi mwaka 2025 ulipofika, Sentai ilisherehekea miaka 50 kwa kikosi cha 49, Gozyuger, na mnamo Novemba mwaka huo Toei ikatangaza mradi mpya wa mashujaa, nafasi ya Jumapili ikipangiwa Gavan mpya kuanzia Februari 2026. Mfululizo uliokuwa haujakosa mwaka tangu 1979 ulikatika. Vyombo vya habari vya Japani vilitaja gharama za kutengeneza zilizozidi mapato ya vitu vya kuchezea, filamu na maonyesho. Kwa lugha ya wazi, hadhira haikuwa na pesa za kutosha.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni sawa, kwamba kazi isiyokua na hadhira yake ijilaumu yenyewe. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inasahau jambo. Kamen Rider wa leo anamtaka mtoto afuate hadithi inayowachanganya hata wazazi. Mshipi wake una sehemu za ziada zinazouzwa moja moja, na mtoto asiyenazo hujiona ana nusu ya mshipi. Watu wazima walioikuza hadhira hiyo ndio pia wanaoivuta kazi kuelekea kwao. Sentai peke yake ilibaki ya yule ambaye hana mkoba, hajibu hojaji, na akifika miaka saba huondoka bila kuaga. Haikumwekea mtego wa kumrudisha akiwa na miaka thelathini. Ilimwachia mwaka mmoja wa rangi na roboti, kisha ikamgeukia mdogo wake.

Kwa hiyo, kama swali ni nani aliyependwa na nyumba nyingi kwa wakati mmoja, jibu ni Ultraman wa mwaka 1966. Kama ni nani mwenye wafuasi waaminifu na wenye uwezo, jibu ni Kamen Rider. Lakini kama swali ni nani aliyependwa zaidi na watoto wadogo, kwa maana ya watoto wadogo wenyewe, pasipo mama, pasipo baba mwenye kumbukumbu, pasipo mkusanyaji wa mishipi, basi ni vigumu kumnyima Sentai nafasi, na ni ukoo huo uliofungiwa mlango. Umaarufu wake ulikuwa wa aina isiyoweza kuonekana katika ripoti za mapato, kwa kuwa kila baada ya miaka minne hivi walioubeba walikuwa wamekuwa watu wengine.

Gavan wa kwanza, wa mwaka 1982, aliandikwa kwa sehemu kubwa na Uehara Shozo, mtu wa Okinawa aliyepita katika Ultraman na Gorenger, na aliyefariki dunia Januari 2020. Jina hilo sasa linarudishwa kwa sababu wapo watu wa miaka hamsini, Tokyo na hata Paris, wanaolikumbuka. Watoto wa miaka minne walioamka Jumapili ya katikati ya Februari 2026 wakimtafuta Gozyuger hawakuwa na sababu yoyote ya kulijua.